Jina Lilifutwa, Bei Ikabaki

Tarehe 12 Julai 2011 kampuni ya Netflix iliwaarifu wateja wake wa Marekani kwamba kifurushi chao kinagawanywa. Hadi siku hiyo, aliyelipa dola 9.99 kwa mwezi aliletewa DVD nyumbani kwa posta, akirudisha moja anatumiwa nyingine, na juu ya hapo alitazama filamu kwa intaneti bila kikomo. Sasa DVD zingelipiwa peke yake dola 7.99, na intaneti peke yake dola 7.99. Anayetaka vyote viwili atoe dola 15.98. Wateja wapya walianza siku ileile. Wa zamani walipewa muda hadi Septemba mosi. Ongezeko la asilimia 60, kwa tangazo moja.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa wateja: walitoa povu, kampuni ikatetemeka, bosi akaomba radhi, mpango ukafutwa. Mimi nakisoma tofauti. Kilichofutwa si kile kilichowakasirisha watu mwanzoni. Bei yenyewe haikurudi nyuma hata senti moja, na kampuni ilitoka katika sakata hilo ikiwa imejua namna ya kupandisha bei bila kusikia kelele kama zile tena.

Ukiitazama hesabu yenyewe, utakuta jambo la ajabu. Wateja walikuwa wa aina tatu, na waliopandishiwa ni aina moja tu. Aliyependa DVD pekee alishushiwa, kutoka dola 9.99 hadi 7.99. Aliyetazama kwa intaneti pekee alikuwa tayari na kifurushi cha dola 7.99 tangu Novemba 2010, na hakikuguswa. Aliyeumia ni yule aliyevitaka vyote. Ndiyo maana tangazo la Julai liliandikwa kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema: lilijisifu kwamba DVD bila kikomo hazijawahi kuwa rahisi kiasi hicho. Kwenye karatasi lilikuwa kweli. Lakini mteja hakuisoma karatasi hiyo. Alisoma namba moja tu, ile ambayo ingekatwa kwenye kadi yake akitaka kubaki na alichokuwa nacho jana.

Na alichokuwa nacho jana kilikuwa na historia. Netflix ilipoanza kuonyesha filamu kwa intaneti mwaka 2007, iliwapa wateja wake wa DVD huduma hiyo bila malipo ya ziada. Ilikuwa ni nyongeza, kama zile nyanya mbili tatu anazokutupia mama wa sokoni baada ya kukupimia fungu. Akikupa nyongeza wiki moja, utashukuru. Akikupa miaka minne mfululizo, nyongeza imekuwa sehemu ya fungu. Siku akisema fungu ni bei hii na nyongeza ni bei hii nyingine, huwezi kumsikia hata akiwa amepunguza bei ya fungu lenyewe.

Kampuni, kwa upande wake, ilikuwa na sababu, tena si za uongo. Biashara ya DVD Marekani husimama juu ya kanuni nyepesi ya sheria: ukishanunua diski halali, ni mali yako, unaweza kuiuza au kuikodisha bila kumwomba ruhusa mtengeneza filamu. Netflix ilinunua diski, ikazitia kwenye bahasha nyekundu, basi. Kwenye intaneti kanuni hiyo haipo. Kila filamu inahitaji mkataba, mkataba una tarehe ya mwisho, na mwenye filamu akiona mpangaji ametajirika anadai kodi kubwa zaidi. Mwaka 2008 Netflix ilifunga mkataba na kampuni ya Starz uliowaletea watazamaji filamu za Disney na Sony, kwa malipo yaliyoripotiwa kuwa kama dola milioni 30 kwa mwaka. Kufikia 2011 fedha zilizotajwa kwenye mazungumzo mapya zilikuwa mamia ya mamilioni. Nyongeza ile ya bure ilikuwa imeanza kuwa mzigo mzito kuliko fungu.

Sasa jiulize kwa nini hayo hayakusemwa. Barua ya Julai haikueleza mikataba, haikueleza kodi inayopanda, haikumwambia mteja kwamba alichokuwa akikipata kwa miaka minne kina gharama halisi. Ilisema tu kwamba dola 7.99 ni thamani nzuri, na dola 7.99 nyingine nayo ni thamani nzuri. Mtu anayepandishiwa kodi ya nyumba huweza kukubali akiambiwa ukweli. Akiambiwa kwamba amependelewa, anajiona anachezewa akili.

Tena hawa walikuwa Netflix. Kampuni hiyo ilipata umaarufu kwa sababu Wamarekani walikuwa wamechoshwa na maduka ya kukodisha filamu ya Blockbuster, hasa ile faini ya kuchelewesha kanda. Blockbuster yenyewe ilijaribu kuiondoa faini hiyo Januari 2005, ikatangaza kwa mbwembwe kwamba imekwisha. Kumbe ukichelewa zaidi ya wiki, ulihesabiwa umeinunua filamu na unakatwa bei yake kamili. Ukiirudisha baadaye unarudishiwa fedha zako, lakini unatozwa ada ya dola 1.25. Waendesha mashtaka wa majimbo waliingilia, na ndani ya miezi michache Blockbuster ikamalizana na majimbo 47. Wateja wengi wa Netflix walikuwa wakimbizi wa vita hivyo. Walikuja huku kwa sababu waliambiwa hakuna faini, hakuna tarehe ya kurudisha, hakuna ujanja. Kwa hiyo Julai 2011 hawakukasirika kama mnunuzi aliyepandishiwa bei. Walikasirika kama mtu aliyeoa mara ya pili akijua ameepuka balaa.

Maoni yalimiminika kwenye ukurasa wa kampuni wa Facebook kwa makumi ya maelfu. Wakati huo ukosefu wa ajira Marekani ulikuwa karibu asilimia 9, na watu wengi walikuwa wamekata televisheni ya kebo wakabaki na Netflix kwa sababu ndiyo starehe ya bei nafuu. Vijijini, ambako intaneti ilikuwa ya kusuasua, DVD ya posta haikuwa anasa ya kuchagua. Kumwambia mtu wa huko achague moja ni kumwambia abaki na DVD, aache ile nyingine ambayo kijana wake aliitumia kila akipata mtandao.

Maneno ni kitu kimoja, miguu ni kitu kingine. Tarehe 15 Septemba kampuni ilitoa makadirio mapya, na kwangu karatasi hiyo ina mafunzo kuliko hotuba zote zilizotolewa baadaye. Ilikuwa imetarajia kumaliza Septemba na wateja milioni 25 Marekani. Sasa ikasema watakuwa milioni 24. Waliopungua ni akina nani? Waliochagua vyote viwili, wale wa dola 15.98, walikadiriwa milioni 12 mwanzoni, na makadirio hayo hayakubadilika. Wa intaneti pekee walishuka kidogo, kutoka milioni 10 hadi milioni 9.8. Pengo kubwa lilikuwa kwa wa DVD pekee: kampuni ilitarajia milioni 3, ikaona milioni 2.2.

Isome tena. Makadirio yalivunjika zaidi pale ambapo bili ilishuka, na yalisimama palepale kwa waliopandishiwa asilimia 60. Ukiwa mchumi wa vitabuni utakuna kichwa. Lakini nadhani maelezo yake ni ya kibinadamu kabisa. Tangazo lile lilimlazimisha kila mteja afanye kitu ambacho biashara ya malipo ya kila mwezi huomba usikifanye: kukaa chini na kufikiria. Mtu aliyekuwa akikatwa dola 9.99 bila kujali, huku DVD ileile ikikaa juu ya televisheni kwa wiki tatu, alipoambiwa achague alijiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza: hivi mimi hizi DVD nazitazama? Jibu lilikuwa hapana. Punguzo la dola mbili halikumsaidia, kwa sababu lilikuja pamoja na swali. Yule wa vyote viwili, kwa upande mwingine, alikuwa mtazamaji kweli. Alilaani, akalipa.

Hapo ndipo siku tatu baadaye, usiku wa Jumapili tarehe 18 Septemba, mkurugenzi mkuu Reed Hastings alipowaandikia wateja barua ya kuomba radhi. Alikiri kwamba amevuruga na kwamba anadaiwa maelezo, na kwamba mafanikio ya nyuma yaliwafanya wawe na kiburi. Alieleza hofu yake kwa mifano: kampuni ya AOL iliyong'ang'ania intaneti ya kupiga kwa waya wa simu ya mezani, na maduka ya vitabu ya Borders, ambayo mwaka huohuo yalikuwa yakifunga milango. Ilikuwa barua nzuri hadi hapo. Kisha, badala ya kurudisha bei au walau kuilainisha, akatangaza jambo jipya: DVD zitahamia kampuni nyingine yenye jina Qwikster, yenye tovuti yake, orodha yake ya filamu, na malipo yake. Mteja wa vyote viwili angekuwa na akaunti mbili na makato mawili benki, na filamu alizozipa alama upande mmoja zisingeonekana upande wa pili. Kana kwamba hilo halikutosha, jina hilo kwenye Twitter lilikuwa tayari la mtu mwingine, kijana asiyehusika na chochote.

Sijawahi kuona radhi iliyoongeza kosa kwa kiwango kile. Watu waliokuwa wameanza kupoa walichachamaa upya, na safari hii hata vipindi vya vichekesho vya televisheni vilijiunga. Tarehe 10 Oktoba Hastings akafuta mpango: hakuna Qwikster, tovuti ni moja, akaunti ni moja. Magazeti yakaandika kwamba Netflix imesalimu amri.

Imesalimu amri kwa lipi? Asubuhi ya tarehe 11 Oktoba, aliyetaka DVD na intaneti alikuwa bado analipa dola 15.98. Tangazo la Oktoba lenyewe lilisema wazi kwamba kazi ya kupandisha bei imekwisha, maana yake bei mpya inakaa. Sisemi Qwikster ilipangwa iwe chambo; kampuni inayopanga mambo kwa ustadi huo isingepoteza wateja namna ile. Lakini ilifanya kazi ya chambo. Iliwapa watu kitu cha kipuuzi cha kukishambulia, kitu rahisi kukifuta, na walipokiangusha walihisi wamepata haki. Hasira ya Julai ilitumika kulipia ushindi wa Oktoba.

Linganisha na kilichotokea kwa wengine majira hayohayo. Mwishoni mwa Septemba 2011 Bank of America ilitangaza kuwatoza wateja dola 5 kwa mwezi kwa kutumia kadi zao za benki. Tarehe 1 Novemba ikaifuta ada hiyo. Mwishoni mwa Desemba kampuni ya simu ya Verizon ilitangaza ada ya dola 2 kwa baadhi ya malipo, na kesho yake ikaiondoa. Kule hapakuwa na jina jipya la kucheka. Palikuwa na ada moja na dai moja. Wateja walipata walichokidai.

Waliokimbia kwa kasi wala hawakuwa wateja, walikuwa wenye hisa. Katika robo mwaka iliyoishia Septemba, Netflix ilipoteza wateja 800,000 Marekani, kutoka milioni 24.6 hadi 23.8. Hiyo ni kama asilimia 3 tu. Hisa, zilizokuwa karibu dola 300 katikati ya Julai, zilianguka chini ya dola 80 kufikia mwisho wa Oktoba. Siku moja tu, baada ya takwimu za robo kutoka, zilishuka zaidi ya theluthi moja. Novemba kampuni ikalazimika kuuza hisa mpya kwa dola 70 ili ipate fedha. Kama kuna sauti iliyomfikia Hastings chumbani, nadhani ni hii. Mteja mmoja akijitoa anaondoka na dola 8 au 16. Asilimia 3 ya wateja wakijitoa huku kila gazeti likiandika, soko linaondoka na robo tatu ya thamani ya kampuni.

Na kuondoka kwenda wapi? Blockbuster ilikuwa imefilisika mwaka uliotangulia na kununuliwa na kampuni ya televisheni ya setilaiti ya Dish Network. Amazon ilikuwa imeanza tu Februari kuwapa wanachama wa huduma yake ya kulipia ya Prime filamu za kutazama. Mashine nyekundu za Redbox, zilizosimama nje ya maduka makubwa zikikodisha DVD kwa dola 1 kwa usiku, nazo zilipandisha hadi dola 1.20 mwisho wa Oktoba, na hakuna aliyeandamana. Ilipofika Desemba idadi ya wateja wa Netflix Marekani ilikuwa inapanda tena, karibu milioni 24.4, ingawa walioacha DVD katika robo hiyo ya mwisho walikuwa zaidi ya milioni 2.7. Kwa maneno mengine, kampuni ilipata ilichokitaka tangu mwanzo, watu kuhamia kwenye intaneti, ila kwa gharama kubwa ya jina lake. Starz waliondoka pia. Walitangaza kuvunja mazungumzo Septemba mosi, siku ileile bei mpya ilipoanza kuwakata wateja wa zamani, kwa hiyo mtu alianza kulipa zaidi siku aliyoambiwa atapata kidogo.

Baada ya hapo Netflix ilikaa kimya karibu miaka mitatu. Mei 2014 ilipandisha dola 1, kutoka 7.99 hadi 8.99, na kwa wateja wapya tu. Wa zamani waliahidiwa miaka miwili ya bei yao. Miaka miwili ilipokwisha mwaka 2016, kampuni ilijikuta imeongeza wateja milioni 1.7 duniani badala ya milioni 2.5 iliyokuwa imetabiri, na Hastings akasema habari za magazeti kuhusu bei ndizo zilizowatisha watu. Hata hapo haikurudi nyuma. Kifurushi cha kawaida kikawa dola 10.99 mwaka 2017, dola 12.99 mwaka 2019, dola 13.99 mwaka 2020, dola 15.49 mwaka 2022, na dola 17.99 Januari 2025. Ongezeko la 2019 liliondoa wateja kama 126,000 Marekani katika robo moja, jambo lililozungumzwa kwa wiki mbili kisha likasahaulika.

Dola 6 kwa siku moja karibu ziiangushe kampuni. Dola 10 kwa miaka kumi na nne zilipita kama mvua za rasharasha. Na tusidanganyane kwamba ni mfumuko wa bei tu: dola 7.99 za mwaka 2011 zilikuwa sawa na dola 11 na ushee mwaka 2025.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume. Netflix ilifika hapa Januari 2016, ilipofungua nchi 130 kwa mpigo, ikakuta watu waliozoea kwenda kibandani na flashi kujaziwa filamu kwa hela ya chai, mara nyingi ikiwa na sauti ya DJ anayetafsiri juu yake. Mtazamaji wa namna hiyo hatoi povu bei ikipanda, kwa sababu hajawahi kuwa ndani. Ndiyo maana Kenya ilipewa kifurushi cha bure cha simu za Android Septemba 2021, kikafungwa Novemba 2023, na Februari mwaka huohuo wa 2023 bei zilishushwa katika nchi zaidi ya 100, Kenya ikiwamo. Kampuni ileile, mwaka uleule, inabana Marekani na kulegeza Nairobi. Bei hushuka pale mteja anapokuwa na mlango wa kutokea ulio wazi.

DVD zenyewe zilimaliza safari tarehe 29 Septemba 2023, baada ya diski zaidi ya bilioni 5 kupita posta. Wateja wa mwisho waliruhusiwa kubaki na diski walizokuwa nazo, ukarimu ambao ungefaa sana mwaka 2011.

Januari 2025 Netflix ilitangaza mambo mawili siku moja: bei ya dola 17.99, na kwamba imeongeza karibu wateja milioni 19 katika robo moja na kupita milioni 300 duniani. Hiyo pia ilikuwa robo ya mwisho ya kutoa idadi hiyo. Tangu hapo kampuni haichapishi tena hesabu ya wateja wake kila robo mwaka. Inatoa mapato na faida. Wakijitoa watu 800,000 leo kwa sababu ya bei, hakuna mwandishi wa habari wala mwenye hisa atakayeisoma namba hiyo kesho yake asubuhi.